Mume wangu ameridhika, mimi sijatulia

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji.

Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili nikilipeleka kanisani kwetu litamfikia mume wangu kabla sijamaliza kulieleza. Niseme mapema kwamba ni mtu mwema, usije ukanishauri kama mke anayepigwa. Hanywi, hatembei usiku, na kila jioni anasali na watoto. Shida yangu ni kwamba ameridhika.

Kazini kwake aliitwa akapewa nafasi ya kusimamia wenzake, na mshahara ungepanda. Akakataa. Habari hizo nilizipata kwa mke wa mwenzake. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, akiendelea na shughuli yake, kwamba chakula tunacho na nguo tunazo, na Paulo alimwandikia Timotheo kuwa hivyo vinatosha. Kazi ile ingemnyang'anya jioni zake na Jumapili zake. "Mama watoto, tunakimbilia wapi?" Nikakosa la kusema.

La kusema lilikuja ada ilipodaiwa. Tulikopa kwa kaka yangu, na ninaposema tulikopa, maana yake ni mimi niliyekwenda, nikakaa sebuleni kwake nikizungukazunguka na salamu mpaka akaniuliza mwenyewe nina shida gani. Baba watoto alishukuru Mungu kwa kutupa ndugu wenye moyo. Ni kweli, tumepewa. Lakini Mchungaji, ni rahisi mtu kuridhika ikiwa hesabu zinafanywa na mwingine.

Nimeisoma Biblia nikitafuta pa kushika. Paulo aliyesema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote alisema hivyo akiwa kifungoni, na katika barua hiyohiyo anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia. Kule Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Hakukaa tu. Mume wangu naye ana aya zake, na anazijua kuliko mimi, kwa hiyo tumeshindana kwa Maandiko kama watu walio mbele ya hakimu, mpaka nikaacha.

Ila kuna mtu mmoja ambaye siwezi kumwacha, naye ni Hana, yule mwanamke wa kitabu cha Samweli aliyekuwa akitamani mtoto. Mumewe Elkana alimpenda, akamuuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Kila nikifika hapo nacheka, maana namsikia wangu kabisa. Hana hakutulia kwa maneno yale. Alikwenda akalia mbele za Mungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Kwa hiyo kutaka si dhambi, na mstari huo niliufurahia sana siku nilipoukuta. Kisha nikaendelea kusoma. Hana aliondoka pale akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena, kabla hajapata mimba, kabla hata hawajarudi nyumbani. Hakuwa na kitu mkononi. Mimi huomba kama yeye, kisha naamka na uso uleule.

Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kumlaumu mume wangu moja kwa moja. Yeye akiweka kichwa kwenye mto analala. Mimi nasikiliza pumzi zake nikipanga nani alipwe kwanza. Kwenye kikundi cha maombi dada mmoja akisimama kushuhudia kwamba wamehamia kwao, napiga makofi na kusema amina, huku moyoni najumlisha. Asafu katika Zaburi ya 73 angalau aliwaonea wivu waovu. Mimi nawaonea walionifunika kwa maombi nilipokuwa mgonjwa! Na kusema kweli, sina hakika kama cheo kile kingenituliza.

Ushauri nimeshapewa. Mama mchungaji wetu ameniambia ninyamaze niombe, Mungu atambadilisha. Dada yangu anasema wenzangu wanafunga na kukesha wapate mume wa aina hii. Rafiki yangu anataka nianze biashara yangu nimwache na amani yake. Hilo la mwisho nalifikiria, ingawa nahisi ningelifanya kwa hasira, na deni la kaka halijaisha bado.

Sasa mkubwa wake amemwita tena, nafasi ile haijapata mtu. Safari hii ameniambia mwenyewe, na amesema atajibu mwisho wa mwezi. Naomba unisaidie mambo mawili. Je, kuridhika kwa mmoja kunaweza kuamua maisha ya nyumba nzima, au nina haki ya kumwambia wazi kwamba utulivu wake unalipiwa na mimi? Na akikataa tena, Hana alifanyaje akaweza kula?

Wako katika Kristo,
Mama watoto