Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: tunaomba madarasa yasijengwe kwenye uwanja wa shule yetu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo, na pole na majukumu.

Nimesoma sekondari ya kata huko vijijini upande wa milimani. Jina la shule nimeliandika kwenye barua niliyoipeleka masijala hapo ofisini kwako, humu sitalitaja kwa sababu sitaki mwalimu wala mtendaji yeyote aanze kusemwa mitandaoni wakati jambo lenyewe bado linarekebishika. Jambo lenyewe ni hili: katikati ya uwanja wa mpira wa shule vimepigwa vigingi vya mbao na kuzungushiwa kamba, tunaambiwa madarasa mapya yatakaa pale maana pako tambarare na fundi hatahangaika na msingi. Sisi tuliosoma pale pamoja na wazazi tunakuomba vigingi vile ving'olewe, madarasa yahamie upande wa juu kwenye mikaratusi, ambako nako ni eneo la shule hiyohiyo.

Naomba nieleweke mheshimiwa, madarasa tunayataka. Tangu ada ifutwe 2016 watoto wamejaa mpaka wengine wanaandikia magotini, na zile fedha za UVIKO-19 zilizojenga madarasa 12,000 ya sekondari nchi nzima na sisi zilitufikia, tulishukuru na tunashukuru mpaka leo. Tunachokataa ni sehemu tu.

Sasa ili uone kwa nini watu wameumia hivi, inabidi nirudi nyuma kidogo. Wazee wetu wanasimulia kwamba zamani mtoto wa huku akibahatika kuendelea na masomo alipanda treni kwenda Tabora, reli hii imefika Kigoma tangu 1914 na Tabora Boys ipo tangu 1922, ndiko Mwalimu Nyerere alikoingia 1937. Ila waliopanda hiyo treni kwenda kusoma walikuwa wachache mno, wengine wote waliishia la saba wakashika jembe. Ulipokuja MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, mwaka 2004 na ule msukumo wa kila kata kuwa na sekondari yake, kata yetu haikusubiri kusukumwa. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa, familia zilizokuwa na mashamba ya mihogo na migomba pale zikakubali kuyaachia, kila kaya ikapangiwa tofali zake za kuchoma, kina mama wakasomba maji na mchanga kutoka mtoni kwa vichwa, wanaume mawe. Mama yangu mzazi alikuwa mmojawapo na mpaka leo akipita pale anaonyesha ukuta wa darasa la kwanza kama mali yake.

Na hapa ndipo naomba uniangalie vizuri mheshimiwa. Kwenye muhtasari wa mkutano ule limetajwa eneo la madarasa, la nyumba za walimu, na la kiwanja cha michezo. Kipindi hicho mashindano ya shule yalikuwa yamefutwa nchi nzima, wa rika langu na zaidi mnakumbuka yalifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na yakarudi baada ya awamu ya nne kuingia. Yaani wazee wa kijiji, wengi wao hawajafika hata la saba, walitenga uwanja wakati hakuna UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ya kwenda kucheza, hakuna aliyewaagiza, walikuwa wanajua tu kwamba shule yenye vijana lazima iwe na pa kukimbilia. Halafu leo michezo imerudi, ina bajeti na maafisa wake, ndo uwanja unaondolewa!

Uwanja wenyewe tuliutengeneza wanafunzi. Ulikuwa na vichuguu, tukavichimba na kusawazisha, adhabu ya kuchelewa namba ilikuwa kufyeka, na kila mtu alijua kipande chake. Magoli yalikuwa ya miti ya mikaratusi, lililotazama barabara likaitwa goli la barabarani na lile la chini likaitwa goli la migomba, na timu iliyoanza na goli la migomba ilihesabiwa imeonewa kwa sababu unapandisha kilima kidogo dakika zote za kipindi cha kwanza. Chokaa hatukuwa nayo, mistari tulichora kwa majivu ya jikoni: mpishi anayahifadhi kwenye debe wiki nzima, Ijumaa mchana wawili wanavuta kamba ya katani, wa tatu anakuja nyuma yao ameinama na kopo lililotobolewa matako, anamwaga taratibu bila kuinua macho maana mstari ukipinda anarudia wote. Saa kumi na nusu jioni kijiji kizima kipo pembeni, wazee wameletewa mabenchi ya darasani.

Pembeni kwenye kona ya mnazi mmoja uliokataa kuzaa (ni juu huku, minazi haifanyi vizuri) ndipo palipo netiboli, ringi zake alichomelea fundi baiskeli wa sokoni kwa nondo zilizobaki kwenye ujenzi wa maabara. Wasichana wetu ndio walikuwa wa kwanza kutoboa wilaya na kwenda ngazi ya mkoa. Baadaye wakataka na mpira wa miguu, kukawa na maneno ya hapa na pale kwa wazazi, mkuu wa shule wa wakati huo akawaita akaongea nao, wakacheza. 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 kule India, pale shuleni waliangalia kwenye simu ya mwalimu mmoja, naambiwa jioni yake uwanja haukutosha.

Kuna mila ambazo hazipo kwenye mwongozo wowote. Mwanzo wa mwaka kidato cha kwanza wanacheza na kidato cha nne, wanaofungwa wanachota maji ya jikoni, na kidato cha nne wakifungwa nao wanachota, hakuna ukubwa hapo. Siku ya mahafali kuna mechi ya wanaoondoka dhidi ya waliowahi kusoma pale, watu wanatoka Kasulu, Uvinza, Kigoma mjini, wengine wanatoka mpaka Mpanda kwa ajili ya mechi ile tu. Na kuna kaunta buku. Mwalimu wa michezo wa kwanza, alikuwa anafundisha Kiswahili, aliandika kila mechi: tarehe, wachezaji na namba zao, waliofunga, refa ni nani, kama mvua ilinyesha. Walimu waliomfuata wakaendeleza. Ndiyo historia pekee ya shule iliyoandikwa kwa mkono na bado inaendelea kuandikwa, lakini imewekwa stoo pamoja na majembe na mifuko ya saruji na mchwa wameshaanza kula jalada. Namuomba Afisa Michezo wa wilaya aje aipige picha kurasa zote, hiyo haihitaji bajeti.

Wapo watakaosema si mtaacha nafasi kidogo ya watoto kuchezea. Mheshimiwa uwanja wa mpira haukatwi kipande kama shamba. Kisheria hauwezi kuwa chini ya mita 90 kwa urefu, ule wa kawaida wa mita 105 kwa 68 unakula kama ekari moja na robo tatu. Wetu nimeupima kwa hatua unakaribia mita mia, ukiweka jengo pale kwenye vigingi vilipo kinachobaki hakifiki hata nusu, timu haiwezi kujiandaa hapo kwa mashindano yoyote. Na uwanja mwingine wa karibu ni wa shule ya msingi, upo mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu.

Kigoma hii ndiyo iliyomtoa golikipa Juma Kaseja. Timu yetu ya Mashujaa ilipanda ligi kuu msimu mmoja na Tabora United, 2023/24, uwanja wa Lake Tanganyika ukarudi kuwa na mechi za ligi, na majirani zetu Tabora walipokea UMISSETA ya taifa 2022. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda, kule Arusha unajengwa uwanja mkubwa wa kimataifa. Tunafurahi, lakini wachezaji hawaanzii kwenye viwanja hivyo, wanaanzia kwenye uwanja wenye mistari ya majivu.

Najua upande wa mikaratusi una mteremko na msingi wake utakula mawe na nondo zaidi. Tumeshaongea kwenye grupu letu la waliosoma pale, mawe na mchanga tutaleta sisi, na wazazi kijijini wamesema watasomba kama walivyosomba mwanzo. Tunachohitaji kutoka kwako ni neno kwa halmashauri ramani ibadilishwe, halafu maafisa ardhi waje wapime eneo lote la shule na kuweka bikoni, uwanja uonekane kwenye ramani kama uwanja, ili mkurugenzi mwingine akija kesho asianze upya.

Msingi tumeambiwa utachimbwa mvua zikikata, kwa hiyo muda ni mfupi. Nakala ya muhtasari wa mkutano wa kijiji nimeiambatanisha kwenye ile barua ya masijala, namba yangu ya simu ipo hapo, na mwenyekiti wa kijiji yupo tayari kuja ofisini siku yoyote utakayomuita.

Mwanafunzi wa zamani,
Mwanga, Kigoma