Mdogo Wangu, Shemeji Akianza Wodi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeusoma nikiwa nimetulia. Umezunguka sana, lakini swali lenyewe nimeliona: mkeo, shemeji yangu anayesomea udaktari, akianza kuzunguka idara za hospitali, wewe utabaki na mke au na mpangaji? Mke wangu alishapita huko, na nakujibu hadharani kwa sababu wapo wengine wenye swali hilo wanaoona haya kuliuliza, hasa sisi wanaume. Mwanaume akisema mkewe yuko zamu na yeye ameachwa na mtoto, watu hucheka kwanza.

Mke utakuwa naye. Ila kila baada ya wiki kadhaa atakuja mwingine. Wote watakuonya kuhusu saa nyingi za kazi, na saa hizo utazizoea upesi kuliko unavyodhani. Kinachochosha ni kwamba ukishazizoea tu, rotesheni, yaani zile wiki zake katika idara moja, inabadilika, na pamoja nayo zinabadilika saa za kulala, hasira, hamu ya kula, hata mazungumzo. Kwa hiyo jifunze idara. Ukimkuta amenuna, jiulize yuko wapi wiki hii kabla hujajiuliza umemkosea nini.

Upasuaji ni miguu na mgongo. Ataondoka kabla hakujapambazuka, maana mwanafunzi anatakiwa awe ameshawaona wagonjwa wake kabla raundi, ziara ya madaktari kitanda hadi kitanda, haijaanza. Kisha anasimama chumba cha upasuaji ameshika chuma kinachotanua jeraha ili anayepasua aone vizuri. Haruhusiwi kujikuna pua wala kuegemea kitu. Akirudi hana maneno. Usimlazimishe.

Magonjwa ya ndani ni kichwa. Raundi ndefu, mafaili, maswali anayoulizwa na daktari bingwa mbele ya wenzake na mbele ya mgonjwa, na asipojua jibu anajua kila mtu ameona. Hasira ya siku hiyo itafika nyumbani kwako, na si yako. Halafu ukikohoa mara moja tu usiku utasikia sauti gizani: “Kikohozi hicho kina muda gani? Unatoka jasho usiku?” Zoea.

Idara ya watoto ndiyo iliyonigusa zaidi, labda kwa sababu na sisi tuna mtoto. Wanafundishwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye kikohozi, akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, wanashuku nimonia. Sasa mtu aliyeshinda akihesabu vifua vya watoto wa watu hawezi kupita kitanda cha mtoto wake bila kusimama. Mke wangu alikuwa anasimama pale na saa mkononi, mtoto mzima wa afya amelala fofofo. Nilimwacha ahesabu.

Leba haina ratiba. Zamu inaisha kwenye karatasi, lakini kama mama yuko karibu kujifungua na daftari la shemeji bado linadai sahihi za uzazi aliousimamia, hatoki. Ukiambiwa “nakuja saa moja”, chukulia kwamba hujaambiwa kitu.

Na afya ya akili, ambako saa zinakuwa za kibinadamu na wewe utafurahi, ndiko mke wangu alikoongea kidogo kuliko kote. Huko hakuna damu ya kufua kwenye koti. Kuna masimulizi ya watu, na masimulizi hayafuliki.

Hapo nifafanue jambo la siri, maana ndilo linaloumiza wengi bila kujua linaumiza wapi. Mgonjwa ana haki ya kutotajwa, hata chumbani kwenu. Kwa hiyo utapewa nusu ya habari: “Leo tumempoteza mmoja.” Basi. Usiulize nani, usiulize kilikuwa nini, na usiseme “pole, ndiyo kazi”. Mimi hunyamaza, na anachohitaji kinakuwa tayari, maji ya kuoga au chakula. Habari yenyewe huja siku nyingine kabisa, tukiwa tunakunja nguo, bila jina, na hapo ndipo huwa naacha kukunja.

Kuna upande wa raha pia, usije ukadhani ni msiba mtupu. Utakuwa mgonjwa wa mazoezi. Wanafunzi wa udaktari wana mtihani wa vituo, ulioanzia Dundee kule Uskoti miaka ya 1970 na sasa umeenea dunia nzima: mwanafunzi anazunguka kituo hadi kituo, dakika chache kila kimoja, kengele ikilia anahama. Kabla ya mtihani huo mwili wako hautakuwa wako. Utagongwa goti, utagongwagongwa mgongo kwa vidole, utaambiwa ufuate kidole kwa macho bila kugeuza kichwa, utoe ulimi, ukunje uso, mpaka mishipa yote 12 ya fahamu ya kichwani ikaguliwe. Mimi nilizijua hatua hizo kiasi cha kuweza kumkamata akisahau kujitambulisha kwa mgonjwa au kunawa mikono, na hizo ni alama zinazopotea kijinga. Kwangu hayo ndiyo yalikuwa matembezi yetu ya jioni. Tulicheka sana.

Kitu kimoja sitanii nacho: usingizi. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Kiwango hicho cha pili nchi nyingi humkamata dereva. Kwa hiyo akitoka zamu ya usiku asiendeshe chochote, hata pikipiki ya mtaa wa pili. Mfuate, au alale huko huko kwanza. Akikuambia “niko sawa”, kumbuka kwamba anayepima ni ubongo ule ule uliochoka.

Ukitaka kujua mfumo huu ulipangwa na watu wa namna gani, hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore mwaka 1889, na madaktari waliokuwa mafunzoni pale waliishi humo humo ndani. Mkuu wa upasuaji, William Halsted, alianzisha mtindo wa mafunzo ulioigwa sehemu nyingi. Yeye mwenyewe alipambana na uraibu wa kokeini, kisha mofini. Huwa nalikumbuka hilo kila nikisikia mtu akisifia enzi ambazo madaktari hawakulala.

Ndugu wataongea. Watauliza mbona haonekani kwenye shughuli, mbona wewe ndiye unayempeleka mtoto kliniki. Wajibu wewe, usimwachie yeye. Sentensi moja inatosha: “Yuko kazini, mimi nipo.” Ukianza kueleza ratiba wataona unajitetea.

Na usiweke maisha yako kando mpaka amalize. Baada ya rotesheni kuna mafunzo ya vitendo ya mwaka au zaidi, na huenda akataka ubingwa baadaye, nao ni miaka mingine. Kozi yangu niliianza mke wangu akiwa katikati ya rotesheni ya upasuaji, wakati ambao kila mtu aliuona mbaya. Wakati mzuri zaidi haukuwepo kwenye kalenda.

La mwisho, na hili usilale bila kulizungumza: sindano. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu kwenye mwezi wa sita, kwa hiyo haisubiri siku ya kuingia wodini. Akijichoma na sindano iliyotumika, anaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakamui kidonda, na anatoa taarifa papo hapo. Dawa za kinga ya VVU, zikihitajika, huanzwa mapema iwezekanavyo na isipite saa 72, zikanywewa siku 28, na muda huo nyinyi wawili mnatumia kondomu mpaka vipimo vikamilike. Wanafunzi wengi huficha tukio kwa kuogopa kuonekana wazembe, na nyumbani huficha kwa kuogopa maswali. Mwambie leo, kabla halijatokea, kwamba akija na habari hiyo utamuuliza kwanza kama ameshaanza dawa. Mengine baadaye.

Ratiba yake ikitoka nitumie nakala. Wiki za leba mlete mtoto kwetu.

Kaka yako