Posho bila risiti Pennsylvania

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Sisi wa Pennsylvania tunalipa kodi kama wengine alafu ukiangalia wabunge wa jimbo letu kule Harrisburg, makao makuu ya jimbo, inauma kweli. Mshahara wa mbunge ushavuka dola laki moja kwa mwaka na sheria ya 1995 inaupandisha wenyewe kila mwaka kufuata gharama za maisha, sasa juu ya hapo anayekaa mbali zaidi ya maili 50 na Harrisburg anaruhusiwa kuchukua posho ya siku ya chakula na malazi kwa kiwango maalum, na haulizwi risiti! Kama kalala kwa rafiki au kala sendwichi tu, chenji inabaki mfukoni kwake, na sheria ya nchi inamruhusu asiikatie kodi.

Najua kuna majimbo hali ni tofauti, Texas wanalipwa dola 600 tu kwa mwezi na New Mexico hawakuwa na mshahara kabisa, pale naelewa mtu akitegemea posho. Lakini huku kwetu? Kima cha chini cha mshahara kimekaa dola 7.25 kwa saa toka 2009, icho hakipandi chenyewe, wao ndo wanapaswa kukipandisha.

Mi sisemi wasirudishiwe gharama zao, walete risiti tu kama dereva wa kampuni anavyoleta ya mafuta, na zibandikwe wazi kila mwezi tuzione.

Ni mimi msomaji wenu,
Pennsylvania, Marekani