Nimejua Kuendesha Baiskeli

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu wa tangu utotoni,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Huku hatujambo. Mama naye hajambo, magoti tu humsumbua mvua zikinyesha. Mwanao wa huku ameanza kidato cha kwanza. Hayo mengine utayasikia kwa simu, lakini hili nimetaka nikuandikie kwa mkono wangu: nimejua kuendesha baiskeli.

Unakumbuka tulivyokatazwa. Mji wote tambarare, kila ukuta umeegemezwa baiskeli, kaka zetu wanakwenda watakako, sisi tunabebwa kwenye keria tumekaa upande. Nikabaki hivyo mpaka miaka 47. Mwaka jana nilipimwa, sukari ikaonekana imepanda, daktari akanitaka nitafute zoezi nitakaloliweza kila siku. Natoka huko nikapita kwa fundi wa baiskeli, yule mzee wa pembeni mwa msikiti. Nikamwamkia, nikamuuliza kama mtu mzima bado hufundishika. Hakucheka. Akasema, "Njoo kesho baada ya alfajiri, mwanangu. Vaa suruali ndani ya dera."

Alifungua pedeli zote mbili akazitia mfukoni, akashusha kiti mpaka nyayo zangu zikakanyaga chini. Kazi yangu ikawa kujisukuma kwa miguu, hatua fupi, kisha ndefu, kisha niinue miguu yote niache magurudumu yajiendee. Siku tano sikuiona pedeli. Anasema kukanyaga si kazi, kazi ni kukaa juu ya magurudumu mawili, na watu hufundishwa yote kwa mkupuo ndiyo maana wanaanguka. Siku ya sita akazirudisha. Nilitoka Barabara ya 9 mpaka ya 12 bila kushikwa. Nililia, shoga yangu, nililia kweli.

Baba yake huyo fundi alikuwa manamba, alitoka bara kuja kukata mkonge, na mali ya kwanza aliyojinunulia ilikuwa baiskeli. Mzee alijifunzia hiyo hiyo, akajua kuziba pancha, kunyoosha rimu, kukaza spoki. Spoki huzigonga kwa ukucha moja moja akisikiliza. Iliyolegea, sauti yake huwa nzito kuliko za wenzake. Nilikaa naye nikasikiliza, na kweli. Pesa ya kufundisha hataki. Anachukua ya breki au tairi tu. Baada yangu amefundisha wanawake wengine watano, na mmoja ni bibi muuza vitumbua, ambaye sasa anapeleka ndoo yake sokoni mwenyewe.

Mimi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nakuwa Deep Sea, ngalawa ndiyo kwanza zinaingia. Nachagua samaki, changu wabichi, natia kwenye ndoo, nafunga kwenye keria, narudi jua halijawa kali. Vidonge naendelea navyo, ila vipimo viwili vya mwisho vimeteremka. Malori bado nayaogopa; nikifika barabara kuu nashuka nasukuma.

Masika yakiisha tunakwenda wote sita mpaka Mapango ya Amboni, kilomita 8 tu. Njoo kabla ya hapo. Mzee anayo moja ya kike ya kufundishia, nimemwomba asiiuze. Mama anauliza kama bado unapenda muhogo wa nazi. Nimemwambia unapenda.

Wako,
shoga yako