Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: nilisaini kabla shingo haijaanza kuuma

Mheshimiwa Kamishna,

Nilisaini hati ya kumaliza madai siku ya pili baada ya kugongwa. Maumivu yakaanza siku ya tatu. Ni kwa ajili ya hiyo siku moja iliyo katikati ndiyo maana ninakuandikia, na kwa ajili ya wengine ambao kesho watawekewa karatasi ile ile mezani.

Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, mguu kwenye breki, gari la nyuma likanivaa. Halikuwa na kasi kubwa. Bampa lilibonyea, taa moja ikapasuka, nikashuka na kuzungumza na dereva aliyenigonga bila kugombana. Askari aliponiuliza kama nimeumia nilimjibu kwamba sijaumia. Sikudanganya, kwani wakati ule sikuwa nasikia maumivu yoyote. Kesho yake akaja mkadiriaji wa hasara wa kampuni iliyomkatia bima dereva huyo, mtu mpole, akapiga picha za bampa na kunipa karatasi yenye gharama za matengenezo pamoja na nyongeza kidogo ya usumbufu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba napokea malipo hayo kuwa kamili na ya mwisho kwa hasara zote na majeraha yote, yanayojulikana na yasiyojulikana. Nikasaini. Asubuhi iliyofuata nilishindwa kuinua kichwa kwenye mto.

Mimi ni mwalimu. Kwa miezi saba niliandika ubaoni nikigeuza mwili mzima, kwa kuwa shingo ilikataa kugeuka. Tarehe, ambayo huandikwa juu kabisa ya ubao, iliandikwa na wanafunzi kwa zamu. Kichwa kiliniuma kuanzia kisogoni hadi nyuma ya macho, na usiku vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi. Daktari, dawa na mazoezi ya viungo nililipia mwenyewe. Niliporudi kwenye kampuni ile, nilionyeshwa saini yangu.

Daktari aliyenitibu hakushangaa hata kidogo kusikia kwamba maumivu yalichelewa. Gari likigongwa nyuma, kiti humsukuma mtu mgongoni kwenda mbele huku kichwa kikiwa bado kimebaki pale kilipokuwa. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, shingo hupinda mfano wa herufi S: pingili za chini zinakunjika kwenda nyuma, za juu zinainama kwenda mbele. Misuli haipati hata nafasi ya kujikaza. Kinachoumia mara nyingi ni misuli, kano na vifuko vya viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili, vitu ambavyo picha ya eksirei haivionyeshi. Uvimbe hujengeka taratibu, kwa hiyo mtu anaweza kukaa saa 24, hata siku mbili tatu, ndipo aanze kuumwa. Mwaka 1995 jopo la wataalamu wa Quebec, Kanada, liliyagawa majeraha haya kwa madaraja, na kuvunjika au kuteguka kwa pingili kumewekwa daraja la nne, lililo zito kuliko yote. Wa daraja la kwanza na la pili, ambao ndio wengi, wanaweza kuteseka kwelikweli na picha zao zikatoka safi.

Na bado mkadiriaji alipiga picha bampa tu. Bampa limeundwa kuhimili mgongano mdogo, na likihimili bila kubonyea haina maana kwamba aliyekaa ndani hakutikiswa. Mengi hutegemea mtu alikuwa ameangalia wapi, umri wake, na kiegemeo cha kichwa kilikaa vipi. Kinatakiwa kifike usawa wa utosi na kiwe karibu na kisogo. Changu kilikuwa chini, usawa wa shingo, tangu siku niliyonunua gari. Ninalitaja hili kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Suala la nani mwenye kosa halikuwa na ubishi. Aliyegonga nyuma kwa kawaida ndiye anayewajibika, maana kila dereva anapaswa kuacha nafasi ya kutosha kusimama, ingawa mambo hubadilika ikiwa wa mbele alirudi kinyumenyume au taa zake za breki ni mbovu. Kwangu hakuna aliyebisha. Haki ilikuwa yangu yote, nikaiuza bila kujua ninauza nini.

Wapo waliokwisha kuliona tatizo hili. Katika England na Wales, Sheria ya Dhima ya Kiraia ya mwaka 2018 inakataza kampuni ya bima kumaliza dai la jeraha la namna hii kabla ya kupata ripoti ya daktari, na marufuku hiyo ilianza kutumika tarehe 31 Mei 2021. Siku hiyo hiyo lilianza jedwali la viwango vya fidia, wakati huo kuanzia pauni 240 kwa jeraha lisilozidi miezi mitatu. Viwango hivyo naviona vidogo mno na siombi uviige. Ninachokitaka ni kile kifungu cha ripoti ya daktari.

Najua kampuni zitakuambia kwamba maumivu ya shingo ni rahisi kuigiza. Waongo wapo, sikatai. Watakutajia pia jimbo la Saskatchewan, Kanada, ambako mwaka 1995 fidia ya maumivu iliondolewa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ukaonyesha madai yamepungua kwa asilimia 28 na kufungwa mapema zaidi. Mimi sisomi humo kwamba asilimia 28 walikuwa waongo. Nasoma kwamba namna tunavyolipa inagusa hata namna mtu anavyopona. Basi daktari awahi. Akiwahi, atamtambua anayeigiza na atamtetea anayeumwa, na kampuni haitakuwa na sababu ya kukimbilia saini.

Ninaomba malipo ya gari na malipo ya mwili yawe kwenye karatasi mbili tofauti, ili mtu atengeneze gari lake bila kuifunga shingo yake. Hati inayogusa majeraha isiwe na nguvu kama haina ripoti ya daktari, na uchunguzi huo wa kwanza ulipiwe na bima ya aliyegonga. Neno "sijaumia" lililosemwa barabarani, mtu akiwa bado anatetemeka, lisitumike peke yake kumnyima haki. Na waliokwisha kusaini ndani ya siku chache za kwanza wapewe muda wa kurudi na kusikilizwa.

Nakala ya hati niliyosaini na ripoti ya daktari nimeziwasilisha ofisini kwako. Tarehe zake zimepishana kwa siku mbili.

Wako,
Mwalimu