Treni za Michenzani na kasri la Berlin

Berlin, Jumapili jioni

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila baridi ndiyo inayotutafuna. Nasikia goti limepoa kidogo. Tafadhali usipande ngazi na madumu ya maji, wajukuu wapo kwa kazi hiyo.

Dada amenirushia sauti ya baraza lenu la juzi. Niliisikiliza ndani ya treni, nikacheka peke yangu mpaka Mjerumani wa pembeni akahama kiti. Ami anasema Beit al-Ajaib siku zake zilitimia, jumba la Sultani lililoanguka liachwe chini, fedha zikajenge nyumba za watu. Wewe unataka lirudi vilevile alivyolijenga Barghash mwaka 1883, na unamwambia anayetaka kuona ubaya akatazame majumba ya Michenzani, yale marefu yanayoitwa treni. Nawe unayasema hayo umekaa kwenye baraza la Michenzani!

Ami nimpe salamu zake kwanza. Siku ile ya Disemba 25, 2020 waliofia pale walikuwa mafundi wawili. Hawakuwa masultani. Kwa hiyo tusiliseme jumba lile kama kwamba ni la marehemu wa zamani tu.

Sasa nawe nisikilize, kwa sababu mgogoro wenu huo Wajerumani wameugombania mahali pamoja kwa miaka hamsini na zaidi, na napapita kila nikienda kazini. Kando ya mto Spree palikuwa na kasri la wafalme. Vita vya Pili vya Dunia viliunguza sehemu kubwa, na mwaka 1950 wakubwa wa Ujerumani Mashariki wakalitia baruti, kwa hoja ileile ya Ami: la wafalme, sisi la nini? Mwaka 1976 wakafungua hapo Palast der Republik, yaani Kasri la Jamhuri. Bunge lao lilikaa humo, lakini humo humo mlikuwa na ukumbi mkubwa wa muziki, mikahawa, hata mchezo wa boling. Taa zilivyokuwa nyingi, watu wakaliita duka la taa la Erich, wakimcheka kiongozi wao Erich Honecker chini chini.

Mwaka 1990 likafungwa, kisa asbestosi, zile nyuzi za kujengea zenye sumu. Ikachukua miaka kuitoa. Ilipokwisha kutolewa, jumba likabaki mifupa lakini halina sumu tena, ndipo walipolibomoa, toka 2006 mpaka 2008. Kabla ya hapo msanii mmoja wa Norwei alisimamisha juu ya paa herufi kubwa za neno moja la Kijerumani, maana yake "shaka". Mwambie na binamu yetu wa Dubai kwamba chuma kingine kiliuzwa huko, kikaingia kwenye lile ghorofa refu la Burj Khalifa. Huenda anapita chini ya chuma cha Honecker kila siku.

Na mahali pale wamejenga nini? Kasri la wafalme! Kuta tatu za nje zina nakshi zote za kizamani, wa nne unaotazama mto ni mpya mtupu. Limekula zaidi ya euro milioni 600. Ndani ni makumbusho, na katika hazina zake mna vitu vilivyochukuliwa kwetu bara wakati wa Vita vya Maji Maji. Nikiingia mle huwa sijui nikasirike kwa lipi kwanza.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yuko bibi mmoja aliyekulia upande wa Mashariki. Chakula cha harusi yake walikilia kwenye Palast. Juu ya meza yake ana gilasi ya aiskrimu aliyoiiba siku hiyo, amekiri mwenyewe, na haruhusu mtu aioshe. Huitia maji ya uvuguvugu, akaipangusa kwa kidole kuzunguka mdomo wake, kisha huiinua kwenye dirisha kutazama kama ina alama. Nilipomwambia nimpeleke kwenye kasri jipya akatembee, alinijibu: "Nikamtembelee nani?"

Ndiyo maana hukuniudhi ulipoitetea Beit al-Ajaib, uliniudhi ulipoyatukana majumba yetu. Waliotusaidia kuyajenga zama za Karume walikuwa hao hao Wajerumani wa Mashariki. Maji hayapandi, kweli, na lipu inamwagika. Lakini mimi nimejifunza baiskeli kwenye ule uwanja baina ya jumba na jumba, na Mama ametandika mikeka ya harusi tatu pale chini. Wakija kesho na tingatinga, nani atauliza habari za mikeka?

Tena kuna jambo, Baba. Mafundi wa hapa walichonga upya maelfu ya mapambo ya mawe kwa kukodolea picha za zamani, maana walioyachonga mwanzo wamekufa karne nyingi. Wewe uko hai. Ulinifundisha mwenyewe, nikiwa nakubebea ndoo Mji Mkongwe, kwamba ukuta wa mawe na chokaa ukiupiga lipu ya saruji unauziba pumzi, unyevu unabaki ndani na boriti zinaoza vichwa. Nakumbuka ulivyokuwa ukiisugua chokaa baina ya vidole viwili, ukisema bado au tayari. Bado na tayari zinatofautianaje, sikuwahi kukuuliza.

Nimemtumia mjukuu wako simu yenye kamera nzuri. Akija Ijumaa, kaa naye kibarazani umwoneshe kazi ya chokaa, tangu kuiroweka mpaka kuipiga ukutani. Ami naye awepo akupinge, maana ukipingwa ndipo unapoeleza vizuri.

Fedha za dawa zimetoka jana. Nibusie Mama mikono.

Mwanao