Shukrani kwa fundi mwenzangu wa darasa la jioni

Kaka uliyekaa kando yangu kwenye mafunzo ya mafundi umeme, asante sana. Nilikuja na uzoefu wa miaka 12 wa kufunga nyaya, lakini mashine ya kupima insulesheni (ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) sikuwahi kuishika. Ulibaki nami wengine walipoondoka. Kwanza ukanifundisha kuhakikisha umeme umekatika: jaribu testa penye umeme, pima saketi uliyoizima, kisha rudi uijaribu tena testa ileile. Hiyo hatua ya mwisho miaka yote nilikuwa nairuka! Ndipo tukapima insulesheni kwa volti 500 za mashine ile, nikasoma megaomu (kipimo cha ukinzani wa umeme) mwenyewe.

Wiki hii testa yangu ilikufa katikati ya kazi. Hatua ile ndiyo iliyonigutusha kabla sijagusa waya. Jina lako sikuuliza. Mungu akubariki, kaka.